Tumuage msafiri kwa kodi ya nyumba, si kwa ukumbi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimalizie jambo ambalo Jumapili iliyopita nilishindwa kulimaliza kikaoni, kwa sababu mwenyekiti wa kamati, ambaye ni baba yangu mkubwa, aliniambia nikae chini.

Kikao kilikuwa nyumbani kwa jirani yetu hapa Kibosho. Kijana wake amepata nafasi ya kusoma Jamaika na anaondoka mwisho wa mwezi huu wa nane. Tulikaa watu kama ishirini chini ya migomba, na karatasi ya bajeti ya sherehe ya kumuaga ikawa inazunguka mkono kwa mkono: ukumbi mjini Moshi, MC na muziki, mapambo, keki ya ngazi tatu, chakula cha watu 150, ndafu wawili, sare ya vitenge ya wanakamati. Jumla shilingi milioni tano na laki mbili. Chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine, kama kitu kilichokumbukwa watu wakiwa wameshasimama kuondoka, paliandikwa: "Bahasha ya msafiri: kitakachobaki."

Mimi nimesoma Jamaika miaka miwili, nimerudi mwezi wa saba. Hicho kitakachobaki nakijua kwa jina.

Niliagwa Agosti 2023. Michango yangu ilifika shilingi 4,600,000, na naitaja hadharani kwa shukrani, maana daftari bado analo mama na kila jina lipo, hadi la yule bibi aliyeleta elfu mbili na mkungu wa ndizi. Sherehe ilikula 4,100,000. Zilizobaki laki tano nilikabidhiwa kwenye bahasha yenye utepe mwekundu, watu wakashangilia, MC akasema msichana wetu anakwenda Ulaya. (Jamaika si Ulaya, ni kisiwa cha Karibi, lakini kwetu ukishapanda ndege KIA umekwenda Ulaya, hata ukishukia Lusaka.) Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi 2,500, kwa hiyo bahasha yangu ilikuwa na dola 200. Nikaongeza akiba yangu ya kazi, dola 450. Tiketi alilipa mfadhili. Nikaondoka na dola 650 na masanduku mawili yaliyojaa mapenzi ya shangazi zangu.

Safari sitaieleza sana. Tiketi ya kwanza ilipita Miami ikabidi ibadilishwe, maana Marekani inadai viza hata kwa anayebadilisha ndege tu. Nikazunguka Amsterdam, Panama, hadi Kingston. Pale uwanjani niliombwa kadi ya njano ya chanjo, na yangu ilikuwa kwenye sanduku kubwa ambalo lilikuwa bado halijatoka. Nilisimama pembeni karibu saa nzima kama mtoto aliyesahau daftari. Sanduku lilipotoka, bwana wa karantini ya mimea akachukua maharage ya mama na pakiti ya mbegu za mchicha. Alikuwa mpole, akanionyesha na maandishi. Hakuna mbegu inayoingia bila kibali.

Sasa njoo kwenye nyumba. Bweni nilichelewa kuomba, kosa langu mwenyewe, kwa hiyo nikatafuta chumba karibu na Papine, pale mwisho wa barabara ya Old Hope ambapo kuna soko na stendi, mwendo wa miguu hadi chuo cha Mona. Nikapata kwa mama mmoja mtu mzima, nyumba safi, tanki jeusi la maji juani, mwembe mlangoni. Kodi dola 45,000 za Jamaika kwa mwezi. Dola yao ni ndogo, unahitaji zaidi ya 150 kupata moja ya Marekani. Mama yule alitaka mwezi wa kwanza na dhamana ya mwezi mmoja, mkononi, kabla ya funguo. Jumla 90,000, sawa na dola 580 za Marekani. Na hakunionea, ndivyo wanavyofanya nyumba baada ya nyumba. Nikahesabu. Nikabaki na dola 70.

Posho ya ufadhili ilikuwa ipo, haikupotea, ila haiingii popote isipokuwa akaunti ya benki ya kulekule. Na akaunti inadai namba ya mlipakodi, mfano wa TIN yetu ila wao wanaiita TRN. Inadai barua ya chuo, uthibitisho wa anwani, na marejeo ya watu wawili wanaokufahamu. Sisi barua ya mwenyekiti wa kitongoji unaifuata asubuhi, mchana unayo. Mimi kisiwa kizima waliokuwa wananifahamu walikuwa wawili, mama mwenye nyumba na muuza ndizi. Mwalimu mmoja na mchungaji wa kanisa la jirani ndio walionisaidia mwishowe. Ilichukua wiki tano.

Wiki tano kwa dola 70 ni dola mbili kwa siku.

Mhariri, wakati nahesabu dola mbili kwa siku, chumbani kwangu kulikuwa na vitu ambavyo kamati ilivinunua kwa nia njema kabisa. Kulikuwa na koti la baridi, zito, la kola ya manyoya, ambalo shangazi alilichambua mitumbani Memorial nusu siku nzima akishindana bei. Kingston mwezi wa tisa ni joto la nyuzi 32 na unyevunyevu wa pwani, ukitoka kuoga unaanza kutoka jasho kabla hujajifuta. Koti likawa mto wangu wa kulalia kwa mwezi mmoja, kwa hiyo siwezi kusema halikufanya kazi. Baridi niliyoikuta ni ya maktaba tu. Wanawasha kiyoyozi hadi unaandika vidole vimekufa ganzi.

Kulikuwa na birika la umeme na pasi, zawadi ya kina mama wa jumuiya. Kwanza plagi yetu ya meno matatu mapana haiingii, huko ni meno mawili bapa. Nikanunua kiunganishi. Birika likawaka taa, nikafurahi. Nikasubiri. Umeme wa Jamaika ni volti 110, wetu ni 230. Birika la wati 2,000 likipewa nusu ya volti halikupi nusu ya nguvu, linakupa robo. Nililiacha nikaenda kuoga, nikarudi, nikavaa, nikatandika kitanda, maji yakawa ndiyo kwanza yanaanza kulia. Pasi ndiyo kabisa, ilikuwa na joto la kiganja cha mtu. Chaja za simu na kompyuta hazina tatizo hilo, zimeandikwa 100 hadi 240, soma kwa herufi ndogo nyuma yake. Lakini chochote chenye kupasha moto, kiache Moshi.

Nani alijua? Hakuna, na simlaumu mtu. Nasema tu kwamba fedha ya birika, pasi na koti ingekuwa chakula cha siku kadhaa.

Chakula chenyewe ndicho kilichoniokoa, kwa sababu mtu wa mgombani Jamaika hafi njaa kirahisi. Juma la pili niliingia soko la Papine na sarafu zangu, nikaona fungu la majani ambalo ningelitambua hata gizani. Nikamuuliza mama muuzaji, akasema kalalu. Nikalinusa, nikavunja shina. Mchicha! Mbegu zangu zimechukuliwa uwanjani, kumbe mwenyewe ameshafika zamani. Karibu yake ndizi mbichi, viazi vikuu, mihogo, na shelisheli, ambalo wapwani wa Tanga na Unguja wanalijua kuliko sisi wa mlimani. Wenyeji wanachemsha ndizi mbichi wanakula asubuhi na samaki wa chumvi. Nilipowaambia kwetu tunazisaga na nyama tukapata mtori wanaopewa wazazi, mama yule akasema huo ni uji gani sasa, akanipunguzia bei. Unga wa mahindi upo, ila ni wa njano. Nilipompigia mama simu kumwambia nimesonga ugali wa njano alicheka sana. Akasema huo ni unga wa Yanga, aliula akiwa msichana.

Mdogo wangu anayekwenda aelewe na hili: kuna tunda linaitwa aki, ndilo chakula chao cha taifa pamoja na yule samaki wa chumvi. Linaliwa lile tu lililojifungua lenyewe mtini. Bichi lisilofunguka lina sumu, na wenyeji hawafanyi mzaha nalo. Usichume la watu ukadhani umepata bure.

Salamu nazo zilinifanya nijione nyumbani. Teksi zao nyingi hazikodishwi, zina ruti kama daladala na sahani ya namba nyekundu, nyingi ni Probox zilezile tunazoziita michomoko, na kubanana ni kulekule. Ukiingia unasalimia gari zima, na gari zima linaitikia. Usiposalimia wanakuona hujalelewa. Dereva mmoja mzee alipojua natoka Tanzania alisema "Nyerere", akanyamaza kidogo, akasema "Manley", yaani Michael Manley, waziri mkuu wao wa zamani, halafu akakataa nauli yangu. Siku hiyo nauli ile ilikuwa chakula cha jioni, na sijui kama alijua.

Na mlima! Asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha la kaskazini, nikakuta mlima. Milima yao ya Blue inafika mita 2,256, haijai hata nusu ya mzee wetu, lakini ina kahawa, ina mawingu ya saa nne, na imekaa upande uleule ambao mimi nimezoea kuutazama nikipiga mswaki. Chuo kiko kwenye lililokuwa shamba la miwa. Kuna mfereji wa mawe, nguzo kwa nguzo, uliokuwa ukipeleka maji kinuni. Mtu wa Kibosho akiona mfereji anauliza nani aliuchimba na nani anagawa zamu. Ule ulijengwa enzi za utumwa. Sikuuliza zaidi, lakini kila nilipopita nilipunguza mwendo.

Nimetoka nje ya njia, nirudi. Mwezi wa tisa mwaka ule wizara yao ya afya ilitangaza mlipuko wa dengue, na mwezi wa kumi nikaanguka. Mama alinifungia neti na mseto wa malaria. Malaria kule si ugonjwa wa kila siku kama kwetu, na mbu wa dengue anauma mchana wewe ukiwa darasani, neti iko kitandani inapumzika. Kliniki wakanikataza aspirini na jamaa zake, wakasema parasetamoli, maji mengi, kulala. Ule ugonjwa unavunja mifupa. Inasemekana hata jina dengue limetokana na Kiswahili chetu, kidingapopo, sijui nijivunie au vipi. Siku tatu mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa ananiita Miss Tanzania, alinigongea mlango na bakuli la supu. Mojawapo ilikuwa ya kichwa na utumbo wa mbuzi, na ndani yake ndizi mbichi. Nusura nilie kwenye bakuli.

Sasa hapa ndipo nataka wanakamati wenzangu wanisikilize.

Tofauti ya saa kati ya Moshi na Kingston ni nane. Mama alikuwa ananipigia akiamka kusali, saa kumi na moja alfajiri, na kwangu ni saa tatu usiku wa jana yake. Ananieleza habari za asubuhi ya kesho yangu. Kila alipopiga alimaliza kwa maneno yaleyale: "Watu walikuchangia vizuri sana, mwanangu, usiwaangushe." Nami najibu sawa mama. Nimelala juu ya koti, nimekula ndizi mbili za kuchemsha na kalalu, na ninajibu sawa mama.

Ningemwambia nini? Aliyeagwa kwa ndafu wawili na keki ya ngazi tatu hapigi simu wiki ya tatu kusema ana njaa. Angeonekana ameponda mali. Au mama angeanza kukopa kwa watu walewale waliokwisha kutoa. Ingekuwa nimeondoka kimyakimya na baraka za wazee na kikombe cha mbege, ningepiga simu siku ya nne na ningesaidiwa. Ukumbi ule ulinifunga mdomo. Hicho ndicho nilichotaka kusema Jumapili, baba mkubwa akaniambia ninaharibu shughuli ya watu.

Nimpe haki yake. Alinijibu kitu ambacho sijakipatia jibu kamili. Alisema: "Mwanangu, hawa watu hawachangii kodi. Wanachangia wali na nyama na kuonana. Ukiondoa ukumbi umeondoa na mchango." Na ni kweli. Najua mtu ambaye kadi ya elfu hamsini ataitoa bila kuombwa mara mbili, lakini ukimwambia kijana anahitaji elfu kumi ya kodi atauliza kwani mfadhili wake yuko wapi. Sherehe pia ni ya wanaobaki. Mama yangu hakulala wiki nzima kwa furaha ya siku ile, na mimi nani nimnyang'anye?

Lakini kati ya ukumbi na kutokufanya kitu kuna uwanja wa jirani yetu, ambao tulikuwa tumeukalia siku ileile tunapanga kukodi mahali pengine. Ndafu mmoja anatosha. Mpwa wangu ana spika. Keki siisemi sana kwa sababu mwokaji ni shemeji yangu. Nilichoomba ni kwamba mstari wa bahasha upandishwe uwe wa kwanza, uandikwe tarakimu, na utolewe kabla hata mbuzi hajanunuliwa: dola 600, kama milioni moja na nusu, kodi ya mwezi na dhamana. Kitakachobaki kiwe cha keki. Zile 4,100,000 zangu, Mhariri, zilikuwa kodi ya zaidi ya miezi mitano kwa mama yule wa Papine. Nilizipigia hesabu usiku mmoja umeme ulipokatika, nikajuta kwa nini najua kugawanya.

Na kuna mvua za kule ambazo bajeti yetu haizijui. Msimu wa vimbunga unaanza Juni mosi hadi mwisho wa Novemba, maana yake kijana anafika katikati yake. Julai 3, 2024 kimbunga Beryl kilipita pwani ya kusini ya Jamaika. Siku mbili kabla, mama mwenye nyumba alinipa orodha kama anampeleka mtoto dukani: jaza ndoo zote, chaji simu, nunua mkate, samaki wa kopo, mishumaa, na toa fedha taslimu, kwa sababu umeme ukikatika mashine ya benki ni ukuta tu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshajipanga, nilikuwa nazo. Tulikaa ndani siku nzima tukisikiliza upepo ukivuta bati la jirani, unaliachia, unalivuta tena. Mwembe ulisimama. Shelisheli la jirani lililala juu ya uzio. Giza lilidumu siku nne. Nilimfikiria mwanafunzi ambaye angekuwa ndiyo kwanza ameshuka na dola zake 70.

Kikao cha pili ni Jumapili hii baada ya misa ya pili. Nitakuwepo, na nitaomba kusema, kwa heshima zote kwa baba mkubwa.

Kijana mwenyewe hakusema neno kikaoni, ni vibaya kuongea mbele ya wazee wanapopanga mambo yako. Watu walipotawanyika alinifuata hadi kwenye mfereji, akaniamkia, akauliza kwa sauti ya chini: "Dada, huko kuna baridi?" Mama yake ameshanunua koti. Nilimwambia kadi ya njano akae nayo mkononi, si kwenye sanduku, na achukue sweta moja la maktaba. Koti amwachie mama yake. Kibosho mwezi huu lina kazi.

Msomaji wako,
Kibosho, Moshi
(Jina langu unalo, naomba ulihifadhi. Baba mkubwa anasoma gazeti hili.)